Leseni imefungiwa Texas, wananidai SR-22: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni Mkongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sasa niko Fort Worth, Texas, mwaka wa nne. Polisi walinisimamisha mara mbili sina bima. Mara zote nililipa faini kwa posta nikajua yameisha, kesi ya pili ilifungwa kwa hukumu tarehe 14 Machi 2025. Juzi nimesimamishwa tena kwa sababu ya taa ya nyuma tu, askari akaniambia leseni imefungiwa, akanipa karatasi nyingine. Barua ya kunijulisha ilikwenda nyumba tuliyohama. Gari langu lilivutwa nikashindwa kulikomboa. Nyumbani lipo la mke wangu, lina bima na tunalipa kila mwezi, lakini mtandao wa DPS, idara ya leseni, bado unasema nimefungiwa. Wakala mmoja ananiambia ninunue SR-22, bei mara tatu. Rafiki yangu wa Louisville ananiambia nihamie Kentucky, huko SR-22 haipo. Nafanya kazi ghalani usiku, saa hizo hakuna basi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzia kwenye hiyo karatasi ya juzi, kwa sababu hujaniuliza habari zake na ndiyo yenye haraka kuliko yote. SR-22, yaani hati ya bima ambayo kampuni inaipeleka serikalini, tutaifikia.

Isome vizuri juu. Bila shaka imeandikwa kosa la kuendesha gari wakati leseni si halali. Najua mkono unakuwasha kuilipa kwa posta kama ulivyofanya zile mbili, ili uondokane nayo. Usiilipe. Huku Texas, ukituma hela ya faini bila kusimama mbele ya hakimu, umekubali kuhukumiwa. Hakuna mtu atakayekupigia simu kukueleza. Mahakama inapokea hela, inaandika hukumu, inaipeleka DPS, yaani Idara ya Usalama wa Umma inayoshika leseni zetu, na kompyuta ya huko inafanya kazi yake. Hivyo ndivyo ulivyofungiwa. Sheria ya bima ya Texas inasema hukumu ya kwanza ya kuendesha bila bima ni faini ya dola 175 hadi 350. Ya pili ni dola 350 hadi 1,000, na hiyo ya pili ina mkia: leseni inasimamishwa, pamoja na usajili wa magari yaliyo kwa jina lako, mpaka uwasilishe uthibitisho wa bima na kuushikilia hadi itimie miaka miwili tangu siku ya hukumu. Siku ile unabandika stempu kwenye bahasha ya faini ya pili, ulikuwa unajifungia leseni kwa mkono wako mwenyewe. Sikulaumu. Nimeshaketi mezani na wazee wenye shahada mbili waliofanya vilevile.

Kuendesha huku umefungiwa, kwa mara ya kwanza, kwa kawaida ni kosa la daraja C, faini isiyozidi dola 500. Ukikutwa na hukumu nyingine ya aina hiyo linapanda daraja B, na hapo tunazungumzia jela hadi siku 180 na faini hadi dola 2,000. Kwa hiyo hii ya juzi ndiyo unayotakiwa kuipigania isiwe hukumu. Tazama tarehe iliyoandikwa chini ya karatasi, ni siku ya mwisho ya kujibu mahakamani. Kabla haijafika, nenda au piga simu, sema hukubali kosa na unaomba kuonana na mwendesha mashtaka, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Usione haya kwa sababu Kiingereza cha ghalani unakijua, kwani Kiingereza cha mahakamani ni kingine kabisa. Nimeona mara nyingi mtu akifika mbele ya mwendesha mashtaka na leseni imeshafunguliwa, bima iko mkononi, kosa linapunguzwa likawa dogo zaidi au linaahirishwa kwa masharti mpaka lifutwe. Siwezi kukuahidi kwamba nawe utapata hivyo, hilo ni la mahakama. Ila anayekwenda mikono mitupu hapati hata nafasi ya kuomba. Ukimpata wakili, mwulize pia habari ya uraia, maana fomu ya N-400 inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa, na jibu lako siku hiyo lazima lilingane na karatasi za leo. Kama hela ya wakili huna, Legal Aid of NorthWest Texas wana ofisi hapo hapo Fort Worth. Wao ni wa mambo ya madai, si ya jinai, lakini kuhusu leseni yenyewe waulize.

Na tangu sasa usishike usukani. Nitarudi kwenye habari ya kazi.

Sasa SR-22. Hapa watu wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu hata mawakala wenzangu hulitaja kana kwamba ni bima ya aina fulani. Kwetu Tanzania tulizoea bima ndogo na bima kubwa, unalipa, unapewa stika, unaibandika kwenye kioo, askari anaisoma pale pale barabarani. SR-22 si ndogo wala kubwa. Ni hati ambayo kampuni ya bima inaipeleka serikalini ikisema: fulani huyu ana bima kwetu isiyopungua kiwango cha sheria, na siku akiiacha tutawaambia. Ndiyo habari yake yote. Kiwango cha Texas ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, dola 60,000 kwa ajali nzima, na dola 25,000 kwa mali ya watu. Ni ile bima ndogo ya kawaida tu ambayo kila gari linatakiwa kuwa nayo, safari hii ina shahidi.

Kwa hiyo mtu akikwambia "SR-22 ni mara tatu", mwambie akutenganishie bei mbili. Ada ya kupeleka hati yenyewe ni ndogo, aghalabu kati ya dola 15 na 50. Kinachopanda ni bima, na inapanda kwa sababu ya rekodi yako, zile hukumu mbili na leseni iliyofungwa. Rekodi hiyo kila kampuni inaiona lakini kila kampuni inaipima kwa mizani yake. Moja itakukataa moja kwa moja, nyingine itakutajia bei ya kukutoa machozi, ya tatu itakupa bei unayoweza kuishi nayo. Omba bei kwa watu watatu au wanne. Makampuni makubwa unayoyaona kwenye matangazo ya mpira si lazima yawe nafuu kwako. Texas kuna makampuni yanayoishi kwa wateja wenye rekodi kama yako. Na yakikukataa angalau mawili, kuna mpango uitwao TAIPA unaomgawia dereva kama wewe kampuni, na kampuni haiwezi kukukataa. Bei yake si rafiki, hilo nikwambie mapema. (Sheria inakuruhusu pia kuweka amana ya dola 55,000 serikalini badala ya bima. Nalitaja kwa sababu kuna mtu huwa analisikia mahali na kunipigia simu saa tano usiku. Kama una dola 55,000 za kulala bure, hukuwa na haja ya kuniandikia.)

Mbona basi tayari mna bima ya gari la mke wako na DPS bado inasema umefungiwa? Kwa sababu mbili, na ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi.

Ya kwanza ni kwamba kuwa na bima hakutoshi. DPS hawapokei kadi ya bima wala mkataba wa bima kama uthibitisho kwa mtu aliyefungiwa. Wanataka hiyo hati, na wanaitaka kutoka kwa kampuni, ikiwa na jina lako.

Ya pili, chukua mkataba wa bima ya mke wako. Nazungumzia zile karatasi nyingi mlizotumiwa kwa barua pepe siku mliyonunua, si kadi ndogo ya kuweka garini. Ukurasa wa kwanza utakuta mahali pameorodheshwa madereva. Tafuta jina lako. Ukilikuta, tazama limeandikwa kama nani. Kisha shuka mpaka nyuma uangalie kama kuna karatasi yenye namba 515A, iliyotiwa saini na mke wako. Hiyo ni karatasi ya kumtoa dereva. Inasema: mtu huyu akishika usukani wa gari hili, bima haipo. Wakala huitoa pale mama anapolalamika bei ni kubwa. "Nani mwingine anaishi nyumbani? Mume? Ana rekodi? Basi tumtoe, bei itashuka." Mama anatia saini, dola 60 zinapungua kwa mwezi, kila mtu anatabasamu. Mume hajui lolote. Usiku wa Jumamosi mtoto anaugua, mume anachukua funguo, anamgonga mtu kwenye taa za barabarani. Hapo ndipo anapojua kwamba alikuwa anaendesha gari lenye bima huku yeye mwenyewe hana.

Sisemi mke wako ametia saini. Nasema nimeona karatasi hiyo katika nyumba nyingi za watu wetu, na katika nyumba hizo hakuna aliyeweza kunieleza ni nini mpaka nilipoisoma kwa sauti.

Hili ndilo linaloamua ununue nini. Kama nyumbani kusingekuwa na gari, ningekwambia ununue kile kinachoitwa kwa Kiingereza non-owner SR-22, na ukitaje hivyo hivyo kwa wakala. Ni bima ya dereva asiye na gari. Inamfuata mtu, haifuati chombo, nayo aghalabu ni nafuu kuliko ya gari. DPS wanaikubali. Lakini kwa kawaida bima hiyo haifanyi kazi kwenye gari unalolimiliki, wala gari la mtu mnayeishi naye, wala gari ulilopewa ulitumie kila siku. Gari la mke wako limeingia humo moja kwa moja. Ukinunua ya aina hiyo, leseni itafunguliwa kweli, utafurahi, utachukua gari la mke wako kwenda kazini, na siku ya ajali hapatakuwa na kampuni hata moja nyuma yako. Wakala anayekuuzia bila kukuuliza "nyumbani kuna gari?" hajakufanyia kazi, amekupa hati tu. Pia usidhani itakulinda ukianza kupeleka vyakula kwa programu za simu, kwa sababu bima za binafsi kwa kawaida zinaliondoa hilo.

Njia yako, kwa ulivyonieleza, ni kuingizwa kwenye mkataba wa mke wako kama dereva kamili na SR-22 ipelekwe kutoka hapo kwa jina lako. Kama kuna 515A, ifutwe kwa maandishi. Mwulize kwanza wakala wenu wa sasa kama kampuni yake inapeleka SR-22, maana si zote zinapeleka. Kama haipeleki, mnahama kampuni, lakini mkataba mpya uanze siku ile ile wa zamani unapoishia, usiachwe mwanya hata wa siku moja. Bei ya nyumba itapanda, hakuna namna. Wapo wanaochagua njia ya pili: mke anabaki na mkataba wake nafuu, mume ametolewa humo kwa 515A, mume ananunua bima yake ya asiye na gari ili leseni ifunguke, kisha hagusi kabisa gari la mke na kazini anapanda la mwenzake. Hesabuni njia zote mbili mezani pamoja, wewe na yeye. Naikubali hiyo ya pili kwa mtu anayejijua. Nikiwa mkweli, wanaume wengi waliochagua hiyo niliwaona na funguo za gari la mke kabla ya miezi mitatu.

Kabla hujampa mtu yeyote hela, ingia kwenye ukurasa wa DPS wa kuangalia hali ya leseni. Unaingiza namba ya leseni, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii. Naona umeshaingia ukasoma neno "imefungiwa" ukafunga. Rudi ushuke chini. Huko wameandika kila kitu wanachokudai, kimoja kimoja: hati gani haijafika, ada gani haijalipwa. Leseni inaweza kushikiliwa na mikono mitatu kwa wakati mmoja, na kumlipa mmoja hakumfanyi mwingine aachie. Kwa kufungiwa kwa sababu ya bima, ada ya kufungua ni dola 100, unalipa hapo hapo mtandaoni. Kama kungekuwa na jambo la pombe, ingekuwepo ada nyingine ya dola 125 na masomo ya lazima, lakini hujasema hivyo na sitaki kukupakia mzigo usio wako.

Utakapokuwa hapo, angalia kama kuna mahakama yoyote iliyoripoti kwamba hukufika au hukulipa. Hiyo ni kitu tofauti, haifungi leseni bali inazuia kuihuisha muda wake ukiisha. Huondolewa na mahakama iliyoripoti, na kuna ada ya dola 10 kwa kila kosa. Kama deni la mahakama ni kubwa, mwombe hakimu ulipe kidogo kidogo au ufanye kazi za jamii. Hakimu ana uwezo huo, nawe ukieleza kipato chako kwa karatasi za mshahara anatakiwa akusikilize. Na kama kuna mtu mtaani anakutisha kwa ile tozo ya kila mwaka waliyokuwa wakiwatoza madereva wa Texas, maelfu kwa maelfu ya dola, mwambie ilifutwa tarehe 1 Septemba 2019.

Bima ikishaandikwa, mwambie wakala akupe nakala ya SR-22 yenyewe. Isome jina, herufi kwa herufi. Majina yenu ya Kikongo yana sehemu tatu nne, na kwenye karatasi za uhamiaji jina la katikati huwa limehamia mwishoni. Nina mteja aliyesubiri mwezi mzima, bima kalipa, ada kalipa, DPS wanasema hatujaona kitu. Tulipotazama, kampuni ilikuwa imepeleka jina lake bila herufi moja na namba ya leseni imegeuzwa tarakimu mbili. Hati ilikuwa imefika, imekaa kwenye kompyuta ya watu, haina mwenyewe. Ikishapelekwa sawasawa, DPS wanaweza kuchukua hadi siku 21 za kazi kuishughulikia. Ikipelekwa kwa mtandao mara nyingi inawahi, lakini usipange kurudi barabarani kwa kuhesabu "mara nyingi". Unarudi siku ambayo ukurasa ule ule unasema unaruhusiwa kuendesha. Uchapishe, ukae garini, na nakala yake ndiyo utakayokwenda nayo kwa mwendesha mashtaka. Ndiyo maana nimekwambia uanze na karatasi ya juzi: ukiomba tarehe ya mbele mahakamani, unajipa muda wa haya yote kukamilika.

Na ubadilishe anwani DPS leo hii. Sheria inakupa siku 30 tangu uhame. Barua ya kwanza ilipotea kwa sababu hiyo, na ya pili nayo itapotea.

Kuhusu kazi ya usiku. Utasikia habari ya leseni ya muda ya kwendea kazini ambayo hakimu anaweza kukupa ukiwa umefungiwa. Ipo kweli. Unaiomba mahakamani, unaonyesha kazi yako na njia unayopita, hakimu anakupangia saa, kawaida zisizozidi nne kwa siku, na ukionyesha haja anaweza kufika kumi na mbili. Unatembea na nakala ya amri yenye muhuri, na kwa siku 45 za mwanzo amri hiyo ndiyo leseni yako. Watu huilipia mawakili hela nyingi. Lakini tazama: hata hiyo inakudai SR-22. Na wewe umefungiwa kwa kosa ambalo SR-22 na dola 100 ndizo ufunguo wake. Mwenye leseni iliyofungwa kwa ulevi, ambaye lazima amalize siku zake hata awe na bima ya dhahabu, huyo inamfaa. Wewe ungekuwa unalipia kupita dirishani huku mlango wa mbele uko wazi. Ila ukurasa wa DPS ukikuonyesha leseni imefungiwa pia kwa jambo lingine lenye tarehe ya kuisha mbali, hapo ndipo umwulize wakili juu yake. Kwa sasa, hizo wiki tatu nne, tafuta mwenzako wa zamu moja mchangie mafuta. Kwenye ghala lenye watu wetu hakosekani wa kutoka mtaa wenu.

Kentucky. Rafiki yako hajadanganya. Kentucky haitumii SR-22, wala New York, Pennsylvania, Minnesota na mengine machache. Na Louisville ina watu wetu wengi, utasalimiwa kwa Kiswahili sokoni. Shida ni kwamba ukienda kuomba leseni huko, karani ataingiza jina lako na kompyuta itauliza daftari la taifa la madereva wenye matatizo, ambalo majimbo yote yanalisoma. Jibu litarudi: Texas inamdai. Watakwambia nenda kamalizane na Texas kwanza. Sasa utakuwa unaimaliza Texas ukiwa Kentucky, unatafuta kampuni ya bima inayokubali kupeleka hati Texas kwa mtu anayeishi kwingine, na wakala wa Louisville ambaye pengine hajawahi kujaza SR-22 hata moja. Ukitaka kuhamia Louisville kwa sababu ya kazi au ndugu, nenda kwa heri. Ila fungua leseni kabla ya kufunga mizigo. Na ukipata rafiki mwingine wa Florida au Virginia akikuita huko, kwa makosa ya ulevi wao wana FR-44, dada mkubwa wa SR-22, inayodai bima ya kiwango cha juu zaidi.

Nimebakiza lililo gumu. Kupata SR-22 ni kazi ya siku moja. Kuishikilia ndiko kunakowashinda watu.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja ofisini, muuguzi msaidizi, ametoka zamu na nguo zake za kazi bado ziko mwilini. Alikuwa amebakiza miezi minne amalize miaka yake miwili. Hajawahi kuchelewa kulipa, kwa sababu bima ilikuwa inajikata yenyewe kwenye kadi ya benki. Benki ikaona mtu asiyejulikana amejaribu kutumia kadi yake, ikaifunga, ikamtumia mpya. Akaipokea, akaiweka kwenye pochi, akaendelea na maisha. Bima ikajaribu kukata kwenye kadi ya zamani, ikashindwa, ikatuma barua pepe kwenye anwani aliyofunguliwa na mtoto wake siku ya kwanza kufika Marekani, ambayo hakuwahi kuifungua tena. Ikatuma ya pili. Kisha ikatuma SR-26 serikalini. SR-26 ndiyo ile "tutawaambia" niliyokutajia: taarifa kwamba bima inakatwa. Sheria ya Texas inataka bima iliyothibitishwa hivyo isikatwe mpaka zipite siku 10 tangu taarifa ifike, na siku hizo 10 ndizo pekee zilizobaki za kujiokoa. Yeye alijua siku aliyosimamishwa akienda kazini alfajiri. Alinimwagia pochi yote mezani, kadi mbili za benki zikaanguka pamoja, moja imekatwa kwa mkasi.

Kwa hiyo lipa miezi sita kwa mkupuo ukiweza. Ukirudishiwa kodi, Februari hadi Aprili, hela hiyo ianzie hapo kabla ya kununua chochote wala kutuma nyumbani. Kama huwezi, weka namba ya simu na barua pepe ambazo wewe mwenyewe unazifungua, na kila tarehe moja ya mwezi ingia uone kwa macho yako kama malipo yamepita. Ukibadili kampuni ili upate bei nafuu, na ni haki yako, hati mpya itangulie kufika ndipo ya zamani ikatwe. Bima ikikatika utafungiwa upya na utadaiwa ada ya kufungua upya. Kuna majimbo ambayo yanarudisha saa sifuri na kuanza kuhesabu upya muda wote. Texas inahesabu tangu siku ya hukumu, na hilo ni nafuu yako: miaka yako miwili ilianza tarehe 14 Machi 2025 hata kama wakati huo hukujua. Mradi usipate hukumu nyingine, maana hukumu ya mwisho ndiyo inayohesabiwa, na ndiyo maana ile karatasi ya juzi nimeing'ang'ania.

Tarehe 14 Machi 2027 haitakuja barua kukupongeza, wala kampuni haitaiondoa SR-22 yenyewe. Subiri siku chache zipite, ingia kwenye ukurasa wa DPS uhakikishe hawakudai tena, kisha mpigie wakala umwambie aondoe hati. Hati tu. Wapo waliosema "nimemaliza SR-22" na wakala mzembe akakata bima nzima, wakarudi walikoanzia. Siku hiyo hiyo omba bei upya kwa kampuni nyingine tatu.